Dawa za Kutuliza Uvimbe wa Utumbo: Pima Kwanza, Meza Baadaye



Somo letu la leo linahusu ugonjwa wa tumbo ambao wengi wetu hatujausikia. Linahusu pia vidonge ambavyo wengi wetu tunavijua, na tunavinunua mara kwa mara. Mtu akichanganya mambo haya mawili anaweza kupoteza damu nyingi, hata maisha yake. Soma polepole. Ukimaliza, msomee na jirani yako.

KUHARA DAMU KUNA SABABU NYINGI

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo. Walijifunza kwamba kuhara damu huletwa na vijidudu. Vijidudu hivyo huingia mwilini kwa maji machafu, chakula kichafu na mikono michafu. Somo lile ni la kweli hadi leo. Hapa Tunduma, mji wa mpakani wenye wageni wengi na malori mengi, maji safi na choo safi ndiyo kinga yetu ya kwanza.

Lakini wako wagonjwa wachache wanaohara damu kwa sababu nyingine. Utumbo wao umevimba ndani. Umekuwa mwekundu, una vidonda na unatoa damu na ute. Ukiwapa dawa ya kuua vijidudu, hawaponi. Huu ndio ugonjwa wa uvimbe wa utumbo.

Tunaposema uvimbe hapa, hatuna maana ya jipu wala kansa. Fikiri ngozi iliyochubuka. Inakuwa nyekundu, inakuwa na joto, inavimba na inauma. Hali kama hiyo ndiyo iliyo ndani ya utumbo.

Ugonjwa huu una aina mbili kubwa. Aina ya kwanza huitwa kolaitisi ya vidonda. Hiyo hukaa katika utumbo mpana tu. Aina ya pili huitwa ugonjwa wa Crohn. Hiyo inaweza kushika mahali popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Jina hilo linatokana na daktari wa New York, Burrill Crohn, ambaye pamoja na wenzake alieleza ugonjwa huu mwaka 1932.

Usichanganye ugonjwa huu na vidonda vya tumbo tunavyovisikia kila siku. Vile huwa ndani ya tumbo la chakula, au mwanzo wa utumbo mwembamba. Dawa zake ni nyingine.

UGONJWA UNATOKA WAPI?

Mwili una kinga yake. Kinga hiyo ni kama mgambo wa kijiji. Kazi yake ni kukamata wezi, yaani vijidudu. Katika ugonjwa huu, mgambo amekosea. Anawapiga wenye nyumba, usiku na mchana, wala hapumziki. Utumbo ndio unaoumia.

Wataalamu hawajapata sababu moja tu ya ugonjwa huu. Wanajua kwamba unahusu kinga ya mwili, urithi wa ukoo na mazingira tunayoishi. Wanajua pia kwamba hauambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa, usiupate. Basi, mgonjwa asitengwe, wala jirani asisingiziwe uchawi.

UVIMBE NI NENO MOJA, DAWA SI MOJA

Sasa tufike kwenye dawa. Tuchukue mfano wa mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyekwenda duka la dawa muhimu. Muuzaji ni dada kijana aliyesomea kazi yake.

Muuzaji: Shikamoo, baba.

Mkulima: Marahaba, mwanangu. Nipe vidonge vya kutuliza uvimbe.

Muuzaji: Uvimbe wa wapi, baba?

Mkulima: Wa tumboni. Nimesikia utumbo wangu umevimba. Jirani yangu goti lilivimba, akameza diklofenaki, goti likanywea. Nipe hizo hizo.

Muuzaji: Samahani baba, choo chako kikoje?

Mkulima: Kina damu. Huu ni mwezi wa pili sasa.

Muuzaji: Hapo siwezi kukuuzia, baba. Dawa ya goti itakuumiza tumbo. Nenda zahanati leo hii, wakupime.

Dada huyu amefanya vizuri. Kwa nini amekataa pesa? Diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini na aspirini ni dawa za kutuliza uvimbe wa viungo na maumivu. Mkulima aliyelima siku nzima huzijua. Kuli anayepakia magunia Tunduma huzijua pia. Lakini dawa hizi hupunguza ule ute unaolinda tumbo na utumbo. Zinaweza kuleta vidonda na kutoa damu. Mwenye ugonjwa wa uvimbe wa utumbo akizimeza, ugonjwa unaweza kuamka upya.

Mgonjwa wa namna hii akiumwa kichwa au mgongo, kwa kawaida parasetamoli ni salama zaidi, kwa kipimo kilichoandikwa. Kama daktari amekupa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe. Mwulize kwanza.

Jihadhari pia na dawa ya kufunga tumbo. Mtu anayehara damu asiinunue mwenyewe. Inaweza kuziba utumbo ulio mgonjwa na kuufanya utanuke vibaya.

DAWA YA KWANZA: SALFASALAZINI

Dawa hii ilianza kutumika Sweden, mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Daktari mwanamke, Nanna Svartz, alikuwa anatafuta dawa ya ugonjwa wa viungo. Alikuta kwamba inawasaidia pia wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda.

Inafanyaje kazi? Fikiri lori la mizigo linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Linapita Morogoro, Iringa na Mbeya, linavuka hapa Tunduma, na lakiri yake haijakatwa. Mzigo unafunguliwa kule unakokwenda. Salfasalazini ni hivyo hivyo. Ni dawa mbili zilizofungwa pamoja. Sehemu kubwa ya dawa hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kufunguliwa. Ikifika utumbo mpana, vijidudu wema wanaoishi humo wanakata kile kifungo. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba sehemu moja ndiyo inayotuliza uvimbe. Sehemu ya pili, ya salfa, ni kama lori lililobeba mzigo. Baadaye ile sehemu inayoponya ilitengenezwa peke yake, ikaitwa mesalazini.

Salfasalazini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini ina mambo ya kuangalia:

1. Ina salfa. Kama uliwahi kutoka malengelenge au kuvimba midomo kwa sababu ya Septrin au SP, mwambie mganga kabla hujameza.

2. Inaweza kugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Usiogope. Hiyo si damu.

3. Inaweza kupunguza mbegu za mwanamume. Akiacha dawa kwa ushauri wa daktari, mbegu hurudi baada ya miezi michache. Basi, mume asimlaumu mke kwamba hazai.

4. Inapunguza foliki mwilini, yaani vitamini inayosaidia kutengeneza damu. Daktari anaweza kukuongezea vidonge vya foliki. Mama mjamzito asiache dawa mwenyewe. Aseme kliniki kwamba anaimeza.

5. Damu hupimwa mara kwa mara. Ukipata homa, vidonda vya koo au vipele, rudi hospitali haraka.

DAWA YA PILI: PREDINISOLONI

Hii ni dawa yenye nguvu. Ni jamaa ya kotizoni. Mwaka 1955 madaktari wa Uingereza, Truelove na Witts, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 210 wa kolaitisi ya vidonda. Kundi moja lilipewa kotizoni. Kundi la pili lilipewa dawa isiyo na kitu ndani. Baada ya wiki sita, katika kila wagonjwa 100 wa kotizoni, kama 41 walikuwa wametulia kabisa. Katika kila 100 wa kundi la pili, walikuwa kama 16 tu. Tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini moto unaopika chakula ndio unaochoma nyumba. Predinisoloni inamfunga mgambo mikono. Hapigi tena wenye nyumba, sawa. Lakini hata mwizi akija, mgambo hawezi kumkamata vizuri. Kwa hiyo dawa hii inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Wako pia minyoo wadogo sana wanaoingia kwa ngozi ya miguu isiyo na viatu. Mtu mwenye minyoo hao akipewa predinisoloni, minyoo wanaweza kuzaana na kuenea mwili mzima, hata akafa.

Tena, ikitumika kwa muda mrefu, inapandisha sukari na shinikizo la damu, inalegeza mifupa, na inavimbisha uso. Wako watu wanaoitafuta ili wanenepe mashavu. Huo si unono, ni ugonjwa.

Jambo jingine kubwa ni hili: usiiache ghafla. Mwili wenyewe hutengeneza dawa ya namna hii kila siku. Ukimeza vidonge kwa wiki nyingi, mwili huacha kutengeneza. Ukikatisha siku moja, mwili unabaki mtupu. Unaweza kulegea, kutapika, shinikizo la damu likashuka, ukaanguka. Daktari ndiye anayepunguza kidogo kidogo. Na akikwambia sasa umalize, maliza. Predinisoloni ni ya kuzima moto, si ya kulinda nyumba mwaka mzima. Kazi ya kulinda ni ya salfasalazini, mesalazini, au dawa nyingine kama azathioprini, ambayo inahitaji kupimwa damu mara kwa mara.

KWA NINI KUPIMA KWANZA?

Kuna magonjwa yanayofanana sana na huu. Amiba, vijidudu vya kuhara damu, kichocho cha utumbo, kifua kikuu cha utumbo, na kansa ya utumbo. Kifua kikuu cha utumbo na ugonjwa wa Crohn hufanana hata daktari mzoefu akapata taabu. Ukimpa predinisoloni peke yake mwenye kifua kikuu, umempa adui silaha. Lakini kifua kikuu kina dawa zake, nazo hapa Tanzania hutolewa bure.

Basi, fuata njia hii:

1. Ukiona damu katika choo, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usisubiri. Huku nyuma kunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS.

2. Kubali kupimwa choo, damu, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI.

3. Kama umemaliza dawa na bado unahara baada ya wiki mbili, au ugonjwa unarudi rudi, au unakonda, rudi. Omba barua ya rufaa. Kutoka zahanati utapelekwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa wetu kule Vwawa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Ikibidi, utapelekwa Muhimbili.

4. Katika hospitali kubwa daktari huangalia utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Hukata kipande kidogo sana cha nyama ili kipimwe. Hapo ndipo ugonjwa hujulikana.

5. Ukihara damu mara sita au zaidi kwa siku, ukiwa na homa, tumbo kujaa au kizunguzungu, hiyo ni hatari. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, hata usiku.

KALAMU YAKO NI DAWA PIA

Wewe msomaji una silaha ambayo huko nyuma hukuwa nayo. Unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Kila siku andika tarehe, umekwenda choo mara ngapi, kama kuna damu, na dawa uliyomeza. Daftari hilo mpe daktari. Mgonjwa akiulizwa, husahau. Daftari halisahau.

Ukinunua dawa yoyote, soma pakiti. Tafuta jina la dawa, si jina la kampuni peke yake. Tafuta na tarehe ya mwisho wa matumizi. Maandishi yakikushinda, mwombe muuzaji akuonyeshe kwa kidole. Usione aibu. Ugonjwa huu unaweza kukaa na mtu miaka mingi. Ukitulia, mgonjwa analima, anazaa, anafanya biashara. Wengi hurudiwa na ugonjwa kwa sababu walijisikia vizuri, wakatupa dawa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Uvimbe wa utumbo: utumbo kuwa mwekundu, kuvimba na kutoa damu ndani.
Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi kwa barua.
Lakiri: alama ya kufungia mzigo ili usifunguliwe njiani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini dada wa duka la dawa alikataa kumuuzia mkulima diklofenaki?
2. Salfasalazini inafananaje na lori la mizigo?
3. Taja madhara matatu ya predinisoloni. Kwa nini haiachwi ghafla?
4. Je, mwenye ugonjwa wa uvimbe wa utumbo atengwe? Eleza.
5. Kazi ya nyumbani: Leta kikundini pakiti moja ya dawa iliyo nyumbani kwako. Someni pamoja jina la dawa na tarehe ya mwisho. Ikiwa tarehe imepita, ipelekeni zahanati, msiimeze.