Picha Yako Klabuni: Sheria Inasemaje?

Ijumaa jioni umeingia klabu mjini Kosele kusikiliza muziki wa ohangla. Asubuhi shemeji yako wa Oyugis anakutumia video: ni wewe unayecheza, na chini yake pameandikwa tangazo la kuwaalika watu wikendi ijayo. Klabu yenyewe ndiyo iliyoiposti Facebook. Je, una haki gani?

Unazo, tena za kutosha. Mtu mzima kujiburudisha usiku si kosa, na mlango wa baa hauondoi faragha yako. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamlinda kila mtu asifichuliwe mambo yake binafsi pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha inayokutambulisha kuwa data yako.

Ruhusa ni yako kutoa

Biashara haiwezi kutumia data yako kujitangaza bila idhini yako ya wazi. Kuonekana ukitabasamu mbele ya kamera si idhini. Mzozo ukitokea, ni klabu inayopaswa kuthibitisha kwamba ulikubali. Hata kama ulikubali jana, unaweza kuiondoa ruhusa hiyo leo.

Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Sheria iliyotumika Nairobi ndiyo hiyo hiyo inayotumika Kosele.

Ulinzi huu unafika pia kwenye namba ya simu uliyolipia kwa M-Pesa na namba ya kitambulisho uliyoandika kwenye kitabu cha gesti. Ulizitoa kwa malipo na kwa kulala. Mhudumu hana ruhusa ya kuzichukua akutongoze, wala mwenye baa kuzitumia kukutumia matangazo usiyoyataka.

Jambo moja lielewe vizuri: sheria hii haimgusi rafiki anayepiga picha za kumbukumbu zake binafsi tu. Inaibana klabu, promota, DJ au yeyote anayetumia sura yako kibiashara.

Picha za utupu na vitisho

Hapa tunaingia kwenye jinai. Chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, anayesambaza picha ya faragha ya mwili wa mwingine anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Anayeifowadi kwenye grupu la WhatsApp naye anasambaza. Mtu akidai pesa ili asiichapishe, usimlipe, kwa kuwa atarudi kudai tena. Nenda kituo cha polisi uandikishe taarifa na upewe namba ya OB (kitabu cha matukio).

Ufanye nini

1. Hifadhi ushahidi kabla haujafutwa: skrinshoti, kiungo, jina la ukurasa, tarehe na saa.
2. Iandikie klabu ujumbe ukitaka picha iondolewe, na uhifadhi ujumbe huo.
3. Wakipuuza, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna. Hulipi chochote, wala huhitaji wakili. Unaweza kulalamika kwa maandishi, mtandaoni au kwa mdomo, nao wakayaandika maelezo yako. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.
4. Ukiwa umepata hasara, kama vile kufutwa kazi, au umeumizwa moyo, dai fidia. Sheria inayahesabu yote mawili.

Wenye klabu nao wasisubiri barua: bandikeni mlangoni notisi kwamba kuna kamera, ulizeni kabla ya kuposti, na anayekataa aachwe nje ya picha.

Nawe msomaji, usinyamaze kwa kuogopa kuulizwa ulikuwa wapi usiku. Aliyevunja sheria ni aliyekuanika mtandaoni, na ndiye anayepaswa kujibu.