MWEZI WA MACHO NA MWEZI WA HESABU: JE, IMANI NA AKILI NI MAADUI?

Katika makala haya nataka tujadili swali ambalo huzuka mara nyingi hapa shuleni baada ya kipindi cha sayansi: je, mtu akitumia akili na hesabu, imani yake hupungua? Wako wanaosema eti dini na sayansi ni paka na panya. Mimi sikubaliani nao, na hoja yangu nitaitoa kwa mfano mmoja, nao ni mwezi.

Kila Shaabani inapokaribia kwisha, mzozo huanza. Nyumbani kwetu bibi hafungi mpaka mwezi uonekane hapa kwetu na Kadhi Mkuu atangaze. Ami yangu naye hufuata Makka. "Mwezi ni mmoja," asema. Basi kuna miaka ambapo nyumba moja huwa na watu wa aina mbili siku ileile: huyu ala pilau ya Idi, yule angali amefunga. Jambo hili si mzaha, kwa sababu kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni dhambi. Kila mmoja humwona mwenzake amepotea, na ndugu hununiana siku ambayo wangepaswa kupeana mikono.

Mambo yalivyo angani

Kwanza tutazame mambo yalivyo. Kutoka mwezi mchanga mmoja hadi mwingine ni siku 29, saa 12 na dakika 44 kwa wastani. Ndiyo sababu mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30. Miezi 12 hufanya siku 354 hivi, na kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida.

Mwezi ukipita kati ya dunia na jua hatuuoni, kwani upande wake unaomulikwa umetupa kisogo. Kisha hujitenga na jua, takriban nusu digrii kila saa, mpaka jioni moja uonekane kama ukucha mwembamba upande wa magharibi jua likishatua. Mwezi ambao haujatimiza saa 15 hivi aghalabu hauonekani kwa macho matupu. Tena Senegali na Moroko jua hutua baada ya kutua kwetu. Kwa hiyo watu wa huko huweza kuuona mwezi jioni ileile ambayo sisi wa Mombasa tumetazama tukaukosa. Hapo hakuna mwongo!

Akili ilishaingia msikitini

Sasa jiulize: nani siku hizi hutoka nje na kijiti kupima kivuli ili ajue alasiri imeingia? Msikitini kuna ratiba ya nyakati za sala ukutani, imepigwa hesabu ya mwaka mzima, na hakuna anayeilalamikia. Kibla nacho ni vivyo hivyo. Mombasa na Makka zote ziko karibu na digrii 40 Mashariki, kwa hiyo sisi huelekea kaskazini tunaposali. Hiyo ni Jiografia tupu.

Wazee wa zamani hawakuiogopa elimu hii. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika juu ya kupima mahali pa miji ili kibla kijulikane. Ibn al-Shatir, mwanafalaki wa karne ya 14, alikuwa mtunza nyakati za sala katika msikiti mkuu wa Damascus.

Wenzetu Wakristo nao wana mwezi wao. Pasaka huwa Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, na mwezi huo ni wa hesabu wala si wa kutazamwa. Kalenda ilipokuwa imepotoka kwa siku 10, Papa Gregory XIII aliirekebisha mwaka 1582: baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15. Kanisa liliwategemea wataalamu wa falaki kama Christopher Clavius, ambaye mwenyewe alikuwa padri. Hesabu haikuivunja Pasaka, bali iliinyoosha.

Hoja ya bibi

Hata hivyo, bibi ana hoja nzito. Mtume aliamrisha watu wafunge kwa kuuona mwezi, na mawingu yakitanda watimize siku 30. Ibada ni utiifu, asema, na anayesimama ufuoni akitazama magharibi tayari yumo ibadani. Wapo wanazuoni waliojibu, kama Ahmad Muhammad Shakir wa Misri mwaka 1939, kwamba kutazama kuliamrishwa kwa kuwa watu wa wakati ule hawakujua hesabu, basi wakiijua waitumie. Lakini wapiga hesabu nao hawakubaliani wote: huyu huanza mwezi ukishapita jua, yule hungoja uweze kuonekana. Kumbe hesabu peke yake haimalizi ugomvi.

Maoni yangu

Naona kila kimoja kina kazi yake. Akili yaweza kutuambia kwa uhakika kwamba jioni fulani mwezi umetua kabla ya jua, na kwamba anayedai kauona amekosea. Hapo ushahidi wake ukataliwe, hata kama ni mtu mcha Mungu. Lakini akili haiwezi kutuambia tumfuate nani, wala kwa nini tufunge. Hilo ni la imani, na la watu kukaa kitako wakakubaliana. Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura. Nami naongeza kwamba kudura haijakataza jitihada.

Mazoezi kwa wanachama

1. Tazama magharibi kwa jioni tatu mwezi ukiandama. Andika saa unayouona na saa unayotua.
2. Jadilianeni: ikiwa ratiba ya sala ni ya hesabu, kwa nini mwezi wa Ramadhani uwe tofauti, au usiwe tofauti?