Majani ya Kondoo Wakati wa Kiangazi

Katika nchi ya Wasukuma mvua hukoma yapata mwezi wa Mei, wala hainyeshi tena vema mpaka Oktoba au Novemba. Miezi hiyo yote kondoo wataka kula kila siku. Basi yatupasa tuhesabu chakula chao majani yangali mabichi, maana mwezi wa Septemba hakuna tena cha kuhesabu.

Wazee walilijua jambo hili. Walitenga sehemu ya malisho, ndiyo ngitili, wakaifunga wakati wa mvua ili majani yakue, wakaifungua kiangazi. Desturi hiyo ilififia, hata mwaka 1986 ilipoanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wakazifunga ngitili tena, na miti na majani yakarudi mahali palipokuwa patupu. Lakini twaona wengine huifungua ngitili yote siku moja. Hiyo ni hasara: kondoo huchagua yaliyo laini na kuyakanyaga mengine. Tena kondoo huuma chini kuliko ng'ombe. Ifungulieni sehemu kwa sehemu, mkawaondoe majani yakiwa bado na kimo cha vidole vinne, mizizi isife.

Majani ya kuweka akiba hukatwa yanapoanza kuchanua. Yakisha kukomaa mbegu hubaki kama vijiti tu. Yaanikwe siku 2 au 3, yakigeuzwa, kisha yawekwe juu ya uchaga penye paa. Yakifungwa na unyevu yataota ukungu. Kwa kuyafunga lafaa sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45. Majani yakishindiliwa humo hufanya robota la kilo 15 hivi.

Sasa tuhesabu. Kondoo wa kilo 30 hula yapata kilo 1 ya majani makavu kwa siku. Kondoo 20 kwa siku 90 za mwisho wa kiangazi wataka kilo 1,800, yaani marobota 120. Mwenye marobota 60 ana chakula cha kondoo 10.

Na wale 10 wengine? Hapa ndipo penye uchungu. Twajua kundi kubwa ni heshima, tena kondoo ni akiba ya ada ya shule na ya siku ya ugonjwa. Hata hivyo auze mwezi wa Juni, wangali wanono: majike wazee waliochakaa meno, wasiozaa, na madume asiowahitaji. Mwezi wa Oktoba kila mtu huwaleta sokoni waliokonda, na bei huanguka.

Liko jambo moja tena. Kondoo jike huchukua mimba miezi mitano. Dume akiachwa kundini mwezi wa Aprili, wana-kondoo huzaliwa Septemba, na mama hana maziwa. Atengwe, arudishwe Agosti, nao watazaliwa Januari penye majani mapya. Asiye na zizi la pili afanye kama Wamasai, ambao humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo, akaenda malishoni pamoja na wenzake.