Kununua Nyumba Kongowe: Fedha Ifuate Ushahidi

Anayetafuta nyumba Kongowe huanza na bei, akaja kwenye umbali kutoka barabarani, halafu maji na umeme. Mambo ya sheria huyaacha mpaka siku ya kusaini. Mimi nashauri mpangilio huo ugeuzwe. Cha kwanza kujua ni hadhi ya ardhi iliyo chini ya nyumba, na kila shilingi inayotoka kwa mnunuzi itoke baada ya uthibitisho unaolingana nayo kuingia mkononi mwake. Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Ndivyo zinavyosema Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Kwa hiyo muuza nyumba anauza matofali pamoja na haki ya kutumia ardhi, na haki hiyo ikiwa na kasoro, matofali hayamwokoi mnunuzi. Hata jina la mahali linahitaji uangalifu. Kuna Kongowe ya Kibaha, barabara ya Morogoro, na kuna Kongowe ya upande wa Mbagala, barabara ya Kilwa. Mkataba utaje mtaa, kata, wilaya na mkoa, na kama kiwanja kimepimwa, namba yake na ya kitalu.

Kongowe ya Kibaha ni pembezoni mwa mji, na pembezoni ndipo nyaraka zinapochanganyika. Nyumba moja ina hati miliki, ya pili ina barua ya toleo tu, ya tatu imejengwa kwenye kipande cha shamba lililokatwakatwa na kuuzwa kwa karatasi ya mauziano. Njia ya kila moja ni tofauti. Yenye hati hukaguliwa kwa upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, unaoonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Isiyo na hati hupelekwa idara ya ardhi ya halmashauri, mchoro wa mipango miji ufunguliwe, muone kama hapo ni makazi, eneo la shule au barabara ijayo. Ukivuka kwenda maeneo ambayo bado ni ardhi ya kijiji, anayetoa idhini ni Halmashauri ya Kijiji ikiwa imekaa kikao, na muhtasari wa kikao ndio wa kudai. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi.

Najua jibu litakalokuja: mitaa mizima imejengwa kwa karatasi ya serikali ya mtaa, na watu wanaishi, wanazeeka, wanarithisha. Ni kweli, na karatasi hiyo siidharau. Sheria inataka mkataba wa kuuza haki ya ardhi uwe wa maandishi, na karatasi yenye sahihi za pande mbili, za majirani wanaopakana na kiwanja na ya mwenyekiti ni ushahidi mzuri kwamba fulani alimuuzia fulani. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Mwenyekiti wa mtaa hagawi ardhi wala hatunzi daftari la hati. Anashuhudia anachokiona na anachoambiwa. Udhaifu huo hujitokeza siku mtu wa pili anapofika na hati ya kiwanja kilekile. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya madai namba 35 ya 2019, ilieleza kwamba wawili wakigombea ardhi, mwenye hati ndiye atakayechukuliwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitike kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Mzigo wa kuthibitisha hivyo unakuangukia wewe mwenye karatasi, na ni mzito.

Hati nayo haimalizi maswali. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo sahihi yake ipatikane hata kama jina lake halimo kwenye hati. Mwenye nyumba akiwa amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa wa marehemu hana mamlaka hayo kwa kuwa mkubwa tu. Na hifadhi ya barabara iulizwe TANROADS: bomoabomoa ya 2017 kandokando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, ilifika karibu kabisa na Kibaha.

Wapo watakaosema ukianza kufuatilia yote hayo, nyumba itachukuliwa na mwingine. Huenda. Ndiyo maana napendelea malipo ya hatua: kiasi kidogo upekuzi ukitoka safi, kiasi kikubwa mkataba na fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, zikisainiwa mbele ya wakili, kilichobaki jina likishabadilishwa kwa Msajili. Muuzaji ana haki ya kuhofu kuachia sahihi kabla ya kulipwa yote, basi fedha ya mwisho ishikwe na wakili ambaye pande zote zimemkubali, kwa maandishi. Katikati hapo kuna ripoti ya uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu; mkataba useme wazi nani analipa nini. Ukishawishiwa kuandika bei ya chini ili kodi ipungue, kataa. Mauziano yakivunjika, utakachoweza kudai kwa urahisi ni kile kilichoandikwa, na tofauti uliyolipa kwa mkono itabaki neno lako dhidi ya lake.