Kabla ya Kupiga Msasa
Likizo hii mzee kakwambia mpake upya milango na madirisha. Poa, ila msasa mkavu weka kando! Rangi za mafuta za zamani, na baadhi za siku hizi, zina madini ya risasi. Vumbi lake linatua sakafuni, mdogo wako anayetambaa analamba vidole, na risasi inadhuru ubongo wake, pengine maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama.

Basi lowanisha mbao, tumia msasa wa maji. Kitambaa puani peke yake hakitoshi. Watoto na mama mjamzito wakashinde kwa jirani. Ukimaliza usifagie, piga deki kwa sabuni. Dukani ulizia rangi isiyozidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Mzee akilalamika unachelewesha kazi, mwonyeshe ukurasa huu.