Kusoma Mstari wa Ukuaji wa Mtoto: Unapopanda, Unapolala na Unaposhuka

Kadi ya kliniki ya mtoto ina grafu ambayo wazazi wengi huibeba kwa miaka mitano bila kufundishwa kuisoma. Mhimili mlalo huonesha umri kwa miezi. Mhimili wima huonesha uzito kwa kilo. Kila mtoto apimwapo, nukta huwekwa pale umri na uzito vinapokutana, kisha nukta huunganishwa kwa mstari.

Kanuni ya usomaji ni moja: jicho huanzia kushoto na kuelekea kulia, kwa kuwa umri haurudi nyuma. Mstari ukipanda, uzito unaongezeka; ukilala, uzito umesimama; ukishuka, uzito unapungua. Kipindi cha mabadiliko hutajwa kwa miezi inayosomwa chini, si kwa kilo zinazosomwa pembeni.

Mfano

Ichukuliwe kuwa mvulana alizaliwa na kilo 3.2, akapimwa kila mwezi, uzito ukiongezeka hadi kilo 7.4 alipotimiza miezi 6. Mwezi wa 7 alikuwa na kilo 7.4 zile zile. Mwezi wa 8, kilo 7.1, mwezi wa 9, kilo 7.5, mwezi wa 10, kilo 8.0. Mstari wake hupanda kuanzia mwezi 0 hadi 6, hulala kati ya mwezi wa 6 na wa 7, hushuka kati ya wa 7 na wa 8, kisha hupanda tena hadi wa 10.

Nukta si mwelekeo

Katika viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mpaka wa chini wa uzito kwa mvulana wa miezi 8 ni takriban kilo 6.9. Mtoto wa mfano, mwenye kilo 7.1, yuko juu ya mpaka huo. Mhudumu anayetazama nukta ya siku hiyo peke yake humruhusu mama arudi nyumbani. Anayetazama mwelekeo huona miezi miwili bila ongezeko, katika umri ambao mstari wa wastani hupanda kutoka kilo 7.9 hadi 8.6. Huyo huuliza kuhusu kuhara, homa, kikohozi, unyonyeshaji na vyakula vya nyongeza, ambavyo huanza kutolewa katika umri wa miezi 6.

Tahadhari

Mstari hauoni kilichotokea kati ya nukta mbili. Watoto wengi wachanga hupungua uzito siku za kwanza na kuurudisha ndani ya wiki mbili hivi, lakini grafu ya kila mwezi haioneshi mteremko huo. Vivyo hivyo, mahudhurio yaliyorukwa huweza kuficha ugonjwa.

Mstari unaopanda nao si salama daima. Ukipanda polepole kuliko mistari ya viwango na kuikata kuelekea chini, ukuaji unafifia. Ukipanda ghafla huku miguu yote miwili ikiwa imevimba, huenda kinachoongezeka ni maji mwilini, dalili ya utapiamlo mkali inayohitaji tiba ya haraka.

Mshuko huthibitishwa kwa kupima tena, mizani ikianzia sifuri na mtoto akiwa amevuliwa nguo nzito. Mzazi naye ana haki ya kuuliza kila mahudhurio: tangu mwezi uliopita, mstari umeelekea wapi?