Mbaazi Zinaponyauka: Chimbua Mzizi Kabla ya Kununua Dawa

Mkazi wa Nyamwage aliyepanda mbaazi nyuma ya nyumba huziona zikistawi masika yote. Kisha, zinapoanza kutoa maua, mche mmoja hulegeza majani kana kwamba umekosa maji, ilhali udongo ungali na unyevu. Baada ya siku chache hufuata wa pili. Wengi hapo hushika njia ya Ikwiriri au Utete kutafuta duka la pembejeo, hueleza kwa maneno tu kwamba mbaazi zinakauka, na muuzaji huwapa kile alichonacho rafuni. Fedha ya mboga ya wiki nzima yaweza kupotea namna hiyo.

Kabla ya kutoa fedha, tazama shina. Mbaazi iliyopatwa na mnyauko fuzari mara nyingi huonyesha mstari mpana wa rangi ya zambarau au kahawia, unaoanzia karibu na ardhi na kupanda juu. Pengine upande mmoja tu wa mche hunyauka na mwingine ukabaki kijani. Chubua ganda kwa kisu mahali penye mstari huo: ukikuta michirizi ya kahawia au nyeusi katika mti wa ndani, umekwisha kupata jibu. Vimelea vya ukungu viishivyo udongoni vimeingia kupitia mizizi na kuziba njia za maji. Ndiyo maana kumwagilia hakusaidii. Maji yapo, hayapandi.

Dalili hizo zisipokuwapo, ng'oa mche pamoja na mizizi yake, taratibu, kwa jembe na si kwa kuvuta. Mzizi mkuu uliotafunwa na kujazwa udongo ni kazi ya mchwa. Mizizi laini, ya kahawia, yenye harufu ya uozo, huonyesha kwamba maji yalituama, jambo la kawaida bondeni kuliko kwenye mchanga wa juu. Majani ya chini yakigeuka manjano huku mizizi ikiwa mizima, yaelekea udongo umechoka.

Vinundu huwapoteza watu wengi. Vinundu vidogo vilivyoshikamana ubavuni mwa mzizi, vinavyobanduka kwa kidole na kuwa na rangi ya waridi ndani vikipasuliwa, si ugonjwa. Humo huishi bakteria wanaoulisha mmea naitrojeni. Uvimbe ulio sehemu ya mzizi wenyewe, usiobanduka mpaka mzizi ukatike, ndio kazi ya minyoo fundo. Tumepata kuona watu wakichoma mimea yenye afya kwa sababu ya vinundu vya aina ya kwanza.

Sasa kuhusu ununuzi. Hakuna dawa ya kunyunyizia majani inayouponya mche uliokwisha kuingiwa na mnyauko fuzari. Muuzaji akikuahidi hivyo, mwombe akuonyeshe kwenye lebo mahali palipotajwa zao la mbaazi na ugonjwa huo, pamoja na usajili wa kiuatilifu chenyewe, ambao husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Asipoweza, usinunue. Fedha hiyo ina kazi bora katika mbegu: aina iitwayo Mali huvumilia mnyauko huu. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI, na udai risiti.

Miche iliyougua ing'olewe na kuchomwa pamoja na mizizi. Usiikate ili ichipue tena mwaka ujao, ingawa ndiyo desturi ya wengi, kwa kuwa vimelea hudumu katika visiki na mabaki yake kwa takriban miaka 3. Kwa muda huo panda hapo mtama, mahindi au muhogo, na mbaazi zihamie upande mwingine wa kiwanja.

Mbaazi zilizokwisha kukomaa juu ya mche uliougua zaweza kupikwa, mradi ni safi na hazina ukungu. Zenye ukungu zitupwe. Zisihifadhiwe kuwa mbegu. Kama bustani ilinyunyiziwa dawa, hesabu kwanza siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ndipo uvune. Na ukibaki na shaka, mpelekee afisa ugani wa kata mche mzima ndani ya mfuko, mizizi ikiwa na udongo wake, siku ile ile ya kuung'oa. Tawi peke yake halitamwonyesha kinachotakiwa.